Kura Iliyohamia kwa Mke

Nchi ya Magutu haimo kwenye ramani, na wenyewe husema ni kwa sababu ramani ilichorwa siku ya mapumziko. Ni nchi ndogo. Mtu akipiga chafya mpaka wa mashariki, wa magharibi humwombea afya. Lakini kwa demokrasia, jamani, Magutu haikuwa na mfano. Ilikuwa na vyama viwili kamili. Kimoja kiliitwa Mwamvuli, nacho kilikuwa kinatawala. Kingine kiliitwa Kinu, nacho kilikuwa kinapinga. Uchaguzi Mkuu ukifika, wananchi wote walipiga kura kwa uhuru, haki na vigelegele, halafu Mwamvuli ukashinda. Matokeo yalitangazwa mapema kidogo kabla ya kura, ili watu wapate nafasi ya kushona sare za kushangilia.

Kwa hiyo rais wa Magutu hakupatikana kwenye Uchaguzi Mkuu. Alipatikana kwenye Kura ya Ndani, yaani siku ambayo wanachama wa Mwamvuli, na wao peke yao, walijifungia kumteua mgombea wao. Na wakisema kujifungia, walijifungia kweli: milango ilitiwa makomeo, madirisha yakazibwa kwa magunia, na mtu wa Kinu aliyekutwa akichungulia alitozwa kuku. Watu wa Kinu, ambao walikuwa karibu nusu ya nchi, walikaa nje kwenye mikeka wakingoja kuambiwa watatawaliwa na nani. Hawakunung'unika sana. Walikuwa wameelezwa kwamba hiyo ndiyo maana ya siri ya kura.

Kwa nini basi mtu wa Kinu asijiandikishe tu Mwamvuli, akaingia naye? Swali hilo liliwahi kuulizwa, na aliyelijibu ni Msajili Mkuu wa Wapiga Kura, Bwana Zongo Makarai, mtu mwenye tumbo la heshima na miwani miwili, moja ya kusomea na nyingine ya kukataa kusoma.

"Ndugu wananchi," alisema Bwana Zongo, "uanachama si shati, mtu alivue jioni avae jingine asubuhi. Mtu ni wa chama cha nyumba aliyozaliwa. Tukiruhusu watu wahame kwa sababu eti wamebadili mawazo, kesho watataka kuwa na mawazo kila siku, na ofisi yangu ina karani mmoja."

Watu walipiga makofi. Sheria ilikuwa na tundu moja tu, nalo liliitwa Kifungu cha Paa: mtu akifunga ndoa akahamia kwa mwenziwe, amehamia pia chama cha nyumba ile. Kifungu hicho kilitiwa zamani, Rais alipompenda binti wa Kinu, na wanasheria wakaona kubadili katiba ni rahisi kuliko kumbadili Rais mawazo.

Mtu wa kwanza kulichungulia tundu hilo kwa jicho la kampeni alikuwa Mbaraka Sechambo.

Mbaraka alikuwa kapera mwembamba, mwepesi wa hesabu na mzito wa maneno yanayomhusu mwenyewe. Kazi yake ilikuwa Mkuu wa Mikakati wa Mheshimiwa Lugendo. Mwaka huo Rais alisema amechoka, na nchi nzima ikashangaa kugundua kwamba jambo hilo linawezekana. Waliotaka kiti chake walikuwa wawili. Mheshimiwa Lugendo alikuwa Waziri wa Mvua. Mheshimiwa Tosiri alikuwa Waziri wa Kukata Utepe. Tosiri alikuwa amekwisha kukata utepe katika kila nyumba ya mwanachama wa Mwamvuli: kama si choo kipya, basi banda la kuku, na kwa mzee mmoja wa huko juu alikata utepe wa meno ya bandia. Wanachama walimpenda sana. Lugendo yeye alipendwa na watu wa Kinu, maana alipokuwa waziri mvua ilinyesha kwao vizuri, na hakukanusha kuhusika. Lakini mapenzi ya Kinu yalikuwa yanaishia kwenye mikeka, nje ya mlango.

"Mheshimiwa," Mbaraka alimwambia Lugendo, "watu wako wapo. Tatizo wako nje."

"Tuvunje mlango?" akauliza Lugendo, ambaye alipenda vitu vinavyosikika.

"Hapana. Tuwaoe."

*

Basi ikawa balaa tupu. Msimu ule wa kampeni Magutu haikusikia hotuba, ilisikia ngoma. Mikutano ya hadhara ilifutwa, zikawekwa harusi. Mabango ya "Mchague Lugendo" yalishushwa, yakapandishwa ya "Lugendo Anakutakia Ndoa Njema". Vijana wa Mwamvuli waliokuwa upande wa Lugendo walipangwa kwa kata, wakapewa kanzu, wakatumwa kuposa kwa watu wa Kinu. Wazee waliokuwa na mke mmoja mmoja waliitwa ofisini, wakakumbushwa kwa upole kwamba wanakalia nafasi tatu wazi wakati chama kina shida. Mabinti wakubwa wa Kinu, waliokwisha kuzoea kuambiwa wakati wao umepita, walishangaa kuona washenga wanashikana mashati kibarazani wakibishana nani alitangulia kupiga hodi. Hata makungwi walibadili masomo. Zamani mwari alifundwa namna ya kuishi na mume. Sasa alifundwa namna ya kukunja karatasi ya kura, na muda ukibaki, aligusiwa kidogo habari za mume.

Tosiri naye hakulala. Mtu hawezi kukata utepe miaka yote hiyo asijue kazi ya mkasi. Aliwaita washenga wake akawaambia: "Mwenzetu anaingiza. Sisi tutoe. Kumwingiza mtu ndani ni kazi. Kumtoa, unamwonyesha tu kitu kizuri kilichoko nje."

Wakaanza kuwaoza wafuasi wa Lugendo kwa watu wa Kinu, kwa sharti kwamba wao ndio wahamie huko. Kila aliyehamia alihamia na kura yake, ikawa haina kazi tena. Mbaraka akituma vijana kuposa, nusu hawarudi. Alikuwa akipita mtaani anawaona wamejinyoosha kwenye baraza za wakwe zao wa Kinu, wananawiri, wanakula wali wa nazi, na wakimwona wanatazama juu kana kwamba wanahesabu ndege.

Bwana Zongo aliona sasa haki lazima itendeke, tena itendeke kwa kelele. Aliitisha waandishi wa habari akafafanua paa ni nini.

"Paa," alisema, "ni kitu chochote kilicho juu ya kichwa cha mtu kwa nia ya kudumu. Turubai likifungwa pembe nne ni paa. Likifungwa pembe tatu ni nguo."

"Na mwamvuli je?" akauliza mwandishi mmoja wa nyuma. "Mwamvuli ni paa?"

Bwana Zongo alivaa ile miwani ya kukataa kusoma, akasema kikao kimeahirishwa kwa ajili ya chai. Mwandishi yule baadaye alihamishiwa ukurasa wa mapishi.

Wakaguzi wakatumwa majumbani kuhakikisha kwamba ndoa ni ndoa. Waliwatenganisha mke na mume vyumba viwili wakawauliza maswali: mwenzako hulala upande gani, chai yake ina sukari ngapi, akikasirika hufanya nini. Maharusi wa kampeni walifaulu wote kwa alama za juu, maana walikuwa wamekaririana, na wengine katika kukaririana huko wakajikuta wamependana bila kukusudia. Walioanguka ni wakongwe. Mzee Kibindo, aliyeishi na mkewe tangu ujana wao, hakujua chai ya mkewe ina sukari au haina, kwa sababu hajawahi kumpikia. Wakaguzi wakamwandika kapera. Mzee Kibindo alirudi nyumbani, akawasha jiko, akamwuliza mkewe vijiko vingapi, na yule bibi akalia mpaka majirani wakaja kuuliza nani kafa.

*

Sasa wakati nchi nzima inaoana, Mbaraka mwenyewe alikuwa hajaoa, na moyo wake ulikuwa haupo kwake. Ulikuwa mtaa wa Mabanzini, kwa fundi cherehani mmoja aitwaye Siwema.

Siwema alikuwa mtu wa Kinu wa kuzaliwa na wa kulelewa, mwenye nyumba yake aliyoachiwa na mama yake, na mwenye ulimi unaokata kitambaa bila mkasi. Tangu zamani, kabla ya kampeni hizi za vigelegele, Mbaraka alikuwa haishi kwenda kwake kutiwa kifungo. Siwema alijua vizuri kabisa kwamba vifungo havikatiki vyenyewe vikaacha alama za meno, lakini alishona, akakata uzi, akanyamaza. Mbaraka naye alishukuru, akaenda zake, akafika nyumbani akang'oa kingine. Mambo yalikwenda hivyo mpaka mashati yake yote yakawa na vifungo vya rangi mbalimbali.

Wiki za mwisho wa kampeni Siwema alikuwa amezama kwenye magauni ya harusi mpaka mabegani. Mbaraka aliingia, akakosa pa kukaa, akasimama katikati ya vitambaa vyeupe akasema bila salamu:

"Siwema, nataka kukuoa."

Cherehani ikasimama.

"Karibu foleni," Siwema akasema. "Asubuhi wamekuja wawili. Mmoja alikuwa anaisoma posa kwenye kiganja, jasho likamfutia nusu."

"Mimi sijaandika kiganjani. Mimi nakupenda. Tangu siku ile nilipokuona, usingizi wangu umehamia kwako, umebaki kunitembelea tu."

Siwema alimtazama sana.

"Hayo hayo," akasema. "Neno kwa neno. Yule wa asubuhi kayasema hayo hayo mpaka jasho lilipomfikia kwenye 'usingizi'. Nani kawaandikia?"

Mbaraka akahisi masikio yanawaka moto. Maneno yale aliyaandika yeye. Aliyaandika kwa ajili ya vijana wa kata zote, wakayakariri kwenye semina, na alipokuwa anayaandika hakuwa anafikiria kata wala kura, alikuwa anamfikiria Siwema. Sasa alitafuta neno jingine la mapenzi kichwani mwake akakuta hana. Ameyagawa yote. Magutu nzima hapakuwa na neno tamu lililobaki ambalo si mali ya kampeni.

"Nimeandika mimi," akasema.

"Nilijua. Sasa nikuulize, bwana mkubwa. Ukinioa nahamia wapi?"

"Kwangu."

"Chini ya paa la chama gani?"

"La Mwamvuli."

"Na siku ya Kura ya Ndani nampigia nani?"

"Umtakaye, Siwema. Wallahi, umtakaye."

Siwema akacheka, lakini macho yake hayakucheka. "Mbaraka, mimi si mjinga, na wewe si mtu mbaya. Ila nikikwambia ndiyo, siku zote nitakuwa nakuangalia unavyokula nikijiuliza: huyu alinitaka mimi, au alitaka mtu wa kujazia foleni? Chakula gani hicho kitashuka?"

"Basi tungoje uchaguzi upite."

"Ukipita mmeshinda, wewe utakuwa mkubwa, mimi nitaambiwa nimeokota bahati. Mkishindwa, utakuwa unatafuta bega la kulilia. Hapana." Alichukua sindano, akaichomeka kwenye kitambaa mbele yake. "Mimi nina nyumba. Bati lake halivuji. Anayenitaka abebe godoro lake aje hapa, kabla daftari la wapiga kura halijafungwa Jumatano mchana. Nataka nione anaacha kitu gani mlangoni."

*

Mbaraka alirudi ofisini akapiga hesabu. Kazi ya kujua hesabu ni hiyo, hukuumiza mapema. Waliooana kuingia na waliooana kutoka walikuwa wamekabana koo. Kwa hesabu yake, kura za Lugendo na za Tosiri zingelingana sawasawa, na kwa sheria za Magutu zikilingana hushinda aliye mkubwa kwa umri. Lugendo na Tosiri walizaliwa siku moja, lakini Lugendo alizaliwa asubuhi na Tosiri jioni, na wakunga wote wawili walikuwa hai, wamekwisha kula kiapo. Kwa hiyo urais ulikuwa wa Lugendo, ilimradi asitoke hata mtu mmoja.

"Ukishinda huu mchezo," Lugendo alimwambia siku ile ile, akimpiga begani, "nakupa Wizara. Wizara ya Ndoa na Takwimu. Gari jeusi, pazia, na mtu wa kukubebea mkoba."

Mbaraka alikuwa hajawahi kuahidiwa hata mkoba. Siku mbili alizunguka na Wizara ile kichwani kama mtu aliyebeba ndoo imejaa, anaogopa kugeuka. Alijiambia Siwema atalegea. Alijiambia wanawake husema hivyo. Alijiambia nchi kwanza. Jumatano asubuhi akaketi kunywa chai, akatazama kifungo chekundu kwenye shati la buluu, akainuka kabla hajakimaliza kikombe.

Mji mzima ulimwona Mkuu wa Mikakati akikatiza sokoni na godoro kichwani.

"Haya tena!" wakapiga kelele wauza vitunguu. "Mbaraka anaolewa leo! Mleteeni kanga!"

"Bibi harusi kapendeza!"

Alitembea. Karibu na njia panda ya Mabanzini akakutana na msafara wa Lugendo, magari na vipaza sauti. Lugendo aliruka chini hata gari halijasimama vizuri.

"Mbaraka! Unakwenda wapi na godoro?"

"Nahamia, Mheshimiwa."

Lugendo alielewa papo hapo, maana hata yeye hesabu ile alikuwa amefundishwa. Alishika kona moja ya godoro. "Ndugu yangu! Taifa linakuhitaji! Vizazi vijavyo vinakutazama! Utaiacha historia kwa ajili ya mwanamke mmoja tu?"

"Na ni kura moja tu, Mheshimiwa."

"Hiyo moja ndiyo urais!"

"Na huyo mmoja ndiye Siwema."

Wakavutana godoro pale njia panda, mmoja akivuta kwenda Ikulu na mwingine kwenda Mabanzini, mpaka likachanika pembeni na pamba ikaanza kuruka. Dereva wa Lugendo, aliyekuwa ameoa wiki iliyopita kwa agizo la kampeni na sasa anampenda mkewe kama kichaa, alishuka kuamua ugomvi, na kwa bahati mbaya sana akamshika bosi wake mikono. Mbaraka akatimua mbio.

Karani wa Bwana Zongo alikuwa amekaa mlangoni kwa Siwema akila muwa, anangoja saa ifike afunge daftari. Mbaraka alilitua godoro miguuni pake. Sheikh wa mtaa, aliyekuwa amefungisha ndoa nyingi msimu ule mpaka hotuba yake imekuwa fupi kama kikohozi, aliitwa kutoka nyumba ya pili, akafungisha na hii.

"Unahamia chama gani?" karani akauliza, kalamu mkononi.

"Cha nyumba hii."

"Unajua huko hakuna Kura ya Ndani? Kinu hawana hata mgombea mwaka huu. Wanangoja kuona kama itafaa."

"Najua."

Karani alimtazama kwa huruma, akaandika. Siwema alisimama kizingitini na futi ya kupimia shingoni. Macho yake yalikuwa yamelowa, na alikuwa amekasirika kwamba yamelowa.

"Umeacha nini?" akauliza.

"Wizara."

"Na mkoba?"

"Na mtu wa kuubeba."

"Ingia basi," akasema Siwema. "Chai inapoa."

*

Siku ya Kura ya Ndani Mbaraka alikaa nje kwenye mkeka kwa mara ya kwanza maishani mwake, pamoja na watu wa Kinu, akingoja kuambiwa atatawaliwa na nani. Alishangaa kuona jua ni kali namna ile. Makomeo yalipofunguliwa, Bwana Zongo alitoka na kutangaza kwamba Mheshimiwa Tosiri ameshinda kwa kura moja.

Lugendo alianguka, akainuka, akaenda mahakamani. Alidai ndoa za msimu ule zote zilikuwa za uongo, na hili alilijua kwa sababu nyingi kati ya hizo aliziandaa yeye. Jaji Mkuu alizichambua siku nyingi. Ndoa za kuingiza alizifuta. Ndoa za kutoa alizifuta. Zilikuwa sawa kwa sawa, zikaondoka mbili mbili kama viatu msikitini. Wengi wa wanandoa walikataa kufutwa, wakasema wao wameshazoeana, mahakama ifute kura lakini iwaachie mume. Mwisho wa yote ikabaki ndoa moja mezani.

"Bwana Mbaraka Sechambo," akasema Jaji, "wewe ulioa kwa ajili ya kura?"

"Nilioa nikaikosa, Mheshimiwa Jaji."

Jaji alivua wigi lake akajifutia macho. Halafu akatoa hukumu inayosomwa mpaka leo katika vyuo vya sheria vya Magutu, ambavyo ni kimoja. Alisema kwamba katika msimu mzima ule ilifungwa ndoa moja tu isiyo ya kura, na ndiyo hiyo iliyoamua kura. Kwa kuwa ni ya kweli, haiwezi kufutwa. Kwa kuwa haiwezi kufutwa, Tosiri ni Rais. Lakini siku ndoa hiyo itakapovunjika, Mbaraka atarudi kwenye paa lake la zamani pamoja na kura yake, kura zitalingana, na urais utahamia kwa aliyezaliwa asubuhi.

Kuanzia siku hiyo, Magutu ilikuwa na Katiba, Bunge, na nyumba ya Siwema.

Rais Tosiri alifika mwenyewe Mabanzini akakata utepe kwenye mlango wa chumba cha kulala. Alihutubia kwa saa nzima juu ya uvumilivu katika ndoa kama nguzo ya usalama wa taifa. Askari wakawekwa kila dirisha, mmoja na filimbi. Upande wa pili Lugendo naye hakukaa bure. Alipitisha warembo wamejitanda kanga nyepesi mbele ya baraza kila Mbaraka akitoka, na akatuma vijana watanashati wampelekee Siwema suruali zisizo na tatizo lolote. Siwema aliwapunguzia suruali mpaka magotini, akawarudisha.

Mambo yalibadilika siku ya ugomvi wao wa kwanza. Ulikuwa ugomvi wa kawaida kabisa.

"Umeoga ndoo nzima!" Siwema alifoka. "Nimeamka alfajiri nimefuata maji kule bondeni, nimerudi kiuno kinauma, wewe unajimwagia kama bata! Kama hujui shida ya maji, beba godoro lako urudi kwenu!"

Filimbi ikalia. Kabla Mbaraka hajajifuta vizuri, ving'ora vilijaa mtaani, Rais akaingia na mawaziri watatu, mmoja bado ana leso ya chakula shingoni.

"Mama," akasema Rais Tosiri, amepiga goti moja, "tatizo ni nini?"

"Maji," akasema Siwema, bado na hasira zake.

Kesho yake wakaja mafundi na mabomba. Jioni Mabanzini ilifungua maji ya bomba kwa mara ya kwanza tangu uhuru, na bibi mmoja alikaa karibu na koki akiifungua na kuifunga, akiifungua na kuifunga, akicheka peke yake.

Watu wa Magutu wana mambo yao lakini si wapumbavu. Wiki haikwisha ujumbe wa majirani ukabisha hodi, ukiongozwa na Mama Kibindo, aliyekuwa ameolewa upya na mumewe yule yule.

"Wanangu," akasema, amekaa ukingoni mwa kiti, "hatupendi kuingilia ya wenyewe. Ila zahanati haina dawa tangu mwaka jana. Hamwezi kugombana kidogo?"

Siwema na Mbaraka wakatazamana. Jioni ile Siwema alimtupia Mbaraka sufuria, akiwa amelenga pembeni kwa uangalifu wa fundi, akapiga kelele kwamba hawezi kuishi na mwanamume asiyejua hata panadoli inapatikana wapi. Dawa zilifika zikiwa bado zina ubaridi wa bohari. Waligombana kwa ajili ya daraja. Waligombana kwa ajili ya madawati. Kwa ajili ya barabara ya kwenda juu walinuniana siku tatu, ikawekwa lami mpaka kwenye mlango wa kanisa. Bwana Zongo alijaribu kutunga kanuni kwamba ugomvi wowote usajiliwe kwanza na uonyeshe paa unakotokea, lakini Siwema alimpelekea ujumbe kwamba kanuni hiyo inamsononesha, ikafutwa kabla ya wino kukauka. Watu wa Kinu waliokuwa wakikaa kwenye mikeka kungoja kuambiwa, sasa walikaa kwenye mikeka kungoja zamu. Walikuwa wanacheka mno. Hakuna aliyekuwa amejua kwamba serikali inaweza kukimbia.

Siku moja mchana, baada ya sufuria kutupwa kwa ajili ya bati la shule, Mbaraka alikuwa akiokota vipande vya kikombe kilichopata ajali kazini. Alikuwa amechoka. Mjini alikuwa amekutana na kijana mmoja aliyewahi kuwa mwanafunzi wake wa semina, sasa amepewa gari jeusi lenye pazia. Bila kuinua kichwa akasema:

"Ningekuwa waziri sasa hivi. Nisingekuwa naokota vikombe."

Hakuipaza sauti hata kidogo. Siwema alisimama kama aliyechomwa na sindano yake mwenyewe.

Nje, askari aliona uso wake kupitia dirishani. Akainua filimbi.

Siwema aliliendea dirisha. "Tunakumbushana wimbo," akamwambia, akalifunga. Akarudi akakaa sakafuni mbele ya mumewe, katikati ya vipande, magoti yao yakagusana.

"Hasira hiyo ilikuwa ya kitu gani?" akanong'ona. "Ya bati?"

Mbaraka alitikisa kichwa.

"Basi punguza sauti. Za kweli hatuwapi."

Wakagombana pale chini kwa kunong'ona. Siwema alimwambia yote aliyokuwa akiyaogopa tangu siku ile ya godoro, bila sauti, machozi yakimteremka. Mbaraka naye alimwambia ya kwake, ya aibu na ya wivu, na alipofika mahali pa kuomba msamaha aligundua hana neno hata moja aliloliandikia semina. Akauomba hivyo hivyo, vibaya, kwa kukatakata. Siwema alimshika mkono uliokuwa na kipande cha kikombe, akakitoa polepole asije akajikata.

Nje, askari alisikiliza, hakusikia kitu. Akateremsha filimbi, akatuma taarifa Ikulu kwamba mchana wa leo nyumba imetulia, nchi iko salama, na hakuna haja ya kujenga chochote.